Lwanga, WhatsApp na namba inayorukwa

Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko la Fiducia Supplicans, lililoruhusu mapadri kuwabariki, bila ibada rasmi, hata wapenzi wa jinsia moja. Habari za namna hii hazisubiri matangazo ya Jumapili. Hufika Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze–Segera, kwa WhatsApp, zimeshatiwa chumvi: Papa kahalalisha ushoga.

Hakuhalalisha.

Januari 11, 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kuwa baraka hizo hazitatolewa barani humu. Wengi wakashusha pumzi. Lakini waraka huohuo ulitaka watu wenye mwelekeo huo waheshimiwe utu wao, na hayo ni nadra kuyasikia yakinukuliwa.

Kasoro ndiyo hiyo. Vijana wengi Wakatoliki hawakupungukiwa imani. Wamepewa nusu ya mafundisho. Katekisimu ya 1992, namba 2357, inayakataa matendo ya ushoga moja kwa moja. Namba 2358 inaagiza wahusika wapokewe kwa heshima, huruma na upole, wala wasibaguliwe kwa uonevu. Ya kwanza kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, anaijua hata kama hajawahi kukifungua kitabu. Ya pili inarukwa.

Kwenye mabishano ya ushoga, jina la Karoli Lwanga halichelewi kutajwa, na si ajabu. Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, ni msimamizi wa vijana, na simulizi ya Kanisa inasema aliwakinga watumishi wadogo wa ikulu dhidi ya tamaa za Kabaka Mwanga wa Buganda. (Wanahistoria huongeza siasa za ikulu, huo ni mjadala mwingine.) Ila nguvu zilikuwa mikononi mwa nani? Kabaka alikuwa na askari na neno la mwisho juu ya uhai wa mtu. Kizito, mmoja wa watumishi hao, alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Lwanga alisimama na mnyonge. Kumtumia kuhalalisha kundi la vijana kumvizia jirani mmoja ni kumgeuza miguu juu.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachoadhibu matendo hayo, kinafika hadi kifungo cha maisha. Papa Fransisko alisema Januari 2023 kwamba kuwa shoga si jinai, na mwezi uliofuata akayarudia hayo ndani ya ndege akitoka Juba, akiungwa mkono na Askofu Mkuu Justin Welby wa Waanglikana. Mkatoliki anaweza kuamini kuwa tendo ni dhambi na bado akakataa jela. Uzinzi nao ni dhambi, na hakuna anayetaka wazinzi wote wa Chalinze wapelekwe gereza la Ukonga.

Jimbo jipya la Bagamoyo, lililoundwa Machi 2025, limerithi misheni ya 1868 iliyowapa makazi watumwa waliokombolewa. Semina zake za vijana zingeweza kuzisoma namba hizo mbili kwa pamoja, kisha zikaja kwenye jambo lililokwisha kutokea. Oktoba 2018 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga. Serikali ilisema huo ni mtazamo wake binafsi, lakini mwenyewe alishadai kupokea maelfu ya ujumbe. Vijana waulizwe: wito kama ule ukirudi kesho, jina la jirani utalituma?