Boti kubwa si lazima iwe boti bora kwa maji ya Nyasa na Mtera

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

KATIKA miaka ya karibuni, mjadala wa uvuvi nchini umehama kutoka kwenye nyavu na kuingia kwenye vyombo. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba. Tangu hapo, vikundi vya wavuvi katika maziwa yote makubwa vimekuwa vikiulizana swali moja: sisi tutapata lini?

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, liko jingine linalopaswa kutangulia, nalo ni boti ya ukubwa gani. Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wanaotia fedha katika vyombo hivi hawaishi ufukweni. Ni wafanyabiashara wa Mbeya mjini, watumishi wa Iringa na wastaafu wanaotafuta mahali pa kuweka kiinua mgongo chao. Wao hununua boti, mvuvi akaingia nayo majini.

Aina inayotajwa sana sasa ni boti yenye mabodi mawili yaliyounganishwa kwa sitaha moja, ambayo mafundi huiita katamarani. Aliyewahi kuvuka kwenda Zanzibar kwa boti za Kilimanjaro ameiona. Wala si jambo geni katika uvuvi wetu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakiunganisha mitumbwi miwili kwa magogo na kuninginiza wavu katikati yake tangu kati ya miaka ya 1950 na 1960. Kabla ya hapo, ngalawa ya Pwani ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba chombo chembamba hutulia kikipewa mirengu ya kukishika pande zote mbili.

Kwa nini mabodi mawili?

Faida ya kwanza ni utulivu. Chombo chenye miguu miwili iliyoachana hakiyumbi ovyo watu watano wanaposimama upande mmoja kuvuta wavu. Faida ya pili ni nafasi. Sitaha pana hubeba taa, nyavu, matangi ya mafuta na samaki bila watu kukanyagana. Faida ya tatu ni kwamba kila bodi linaweza kupewa mashine yake. Mashine moja ikizimika kilomita 20 kutoka nchi kavu, ya pili itawarudisha watu nyumbani.

Lakini chombo hiki kina udhaifu ambao muuzaji hausemi kwa sauti. Hakipendi mzigo uliozidi. Kwa kuwa mabodi yake ni membamba, huzama haraka zaidi kwa kila gunia linaloongezwa. Kwa hesabu ya kukadiria, boti ya mabodi mawili yenye urefu wa mita 8, kila bodi likiwa na upana wa sentimita 80 kwenye usawa wa maji, huzama takriban sentimita 10 kwa kila tani moja. Boti ya kawaida ya urefu huo huo yenye upana wa mita 2.2 huzama takriban sentimita 7 na nusu tu.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho. Katika mawimbi ni jambo kubwa. Uwazi ulioko chini ya sitaha ukipungua, wimbi halipiti tena katikati ya mabodi, bali hugonga sitaha kutoka chini kama nyundo. Hapo ndipo maungio hulegea, na ndipo boti iliyosifiwa kwa utulivu huanza kuogopwa na mabaharia wake.

Maji hayafanani

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuzungumzia “ziwa” kana kwamba maji yote ni mamoja. Mkoa wa Mbeya, baada ya Songwe kujitenga mwaka 2016, umebaki na Kyela, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Iringa haina tena mwambao wa Nyasa tangu Ludewa ilipokwenda mkoa mpya wa Njombe mwaka 2012. Samaki wake wa karibu ni wa bwawa la Mtera, mpakani na Dodoma. Chombo kinachofaa mahali pamoja kinaweza kuwa hasara pengine.

Tuanze na Mtera. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1980 kwa ajili ya umeme wa Mto Ruaha Mkuu. Maji yake yakijaa hufikia mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ya mita 8 na nusu katika bonde tambarare maana yake ni kwamba ukingo wa maji huhama mbali sana kati ya masika na mwisho wa kiangazi, na mwalo huhama nao.

Katika mazingira hayo, boti ya mita 10 ni mzigo. Kinachohitajika ni chombo cha mita 5 hadi 6, chenye kuzama kidogo majini, kinachoweza kukokotwa na watu wachache kufuata maji yalikokwenda, na chenye mashine ndogo inayoinuliwa kwa urahisi pale penye visiki na matope. Mwenye fedha za boti kubwa Mtera afadhali anunue mbili ndogo.

Ziwa Nyasa ni habari nyingine kabisa. Lina urefu unaokaribia kilomita 580, upana usiozidi kilomita 75 au hivi, na kina kinachofikia mita 700. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kulisukuma maji kwa urefu wote wa ziwa. Kyela na Matema ziko mwisho wa njia hiyo. Wimbi linalofika huko limepata mamia ya kilomita za kujijenga bila kizuizi, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeshuka wima hadi majini, ikiacha mahali pachache pa kukimbilia.

Historia ina ushahidi wake. Julai 1946 meli ya Vipya ilipinduka kwa dhoruba upande wa Malawi, na watu 145 wakapoteza maisha. Ilikuwa meli, tena mpya. Kwa hiyo, anayedhani kwamba kuongeza mita mbili za urefu kunampa ruhusa ya kudharau kusi anajidanganya. Ukubwa hupunguza hatari, lakini taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo ndivyo vinavyorudisha watu nyumbani.

Samaki wako wapi?

Hoja inayotolewa kutetea boti kubwa ni kwamba samaki wa karibu na ufuko wamepungua, basi twende katikati. Ni hoja yenye ukweli. Mbasa, aliyekuwa fahari ya meza za Kyela, hupanda mitoni kutaga, na kwa sababu hiyo hunaswa kwa urahisi kabla hajazaa. Usipa na jamii nyingine za maji ya wazi ndizo zinazotazamwa sasa.

Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya SADC kwa ufadhili wa Uingereza ulikadiria kuwa samaki wa maji ya wazi katika ziwa zima walikuwa zaidi ya tani 160,000. Takwimu hiyo humtia mtu hamu. Lakini igawe kwa eneo la ziwa, kilomita za mraba zipatazo 29,600, na utabaki na chini ya tani 6 kwa kilomita moja ya mraba. Yaani, chini ya kila mita moja ya mraba ya maji kuna samaki wasiofika gramu 6.

Maana yake ni kwamba utajiri upo, ila umetawanyika. Chombo kinachotegemea kukimbia huku na huko kuwatafuta kitakula mafuta kuliko kitakavyovua. Kinacholipa ni chombo kinachokwenda mahali, kikawasha taa, kikawasubiri samaki wakusanyike, kisha kikainua wavu. Kazi hiyo inahitaji utulivu na sitaha pana kuliko mwendo kasi. Wala haihitaji nyavu za kina kirefu mno, kwani chini ya mita 200 hadi 250 maji ya Nyasa hayana hewa ya oksijeni na samaki hawaishi huko.

Hesabu ya mafuta

Tuchukulie boti ya mita 8 hadi 9 yenye mashine mbili za nguvu ya farasi 40 kila moja. Kwa mwendo wa wastani mashine hizo hula takriban lita 24 kwa saa kwa pamoja. Safari ya kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ni saa mbili. Ongeza nusu saa ya kuhamahama, utapata lita 60 kwa usiku mmoja. Lita moja ikiwa Sh3,000, hiyo ni Sh180,000 kabla hujalipa mtu yeyote.

Boti ya mita 13 au 14 inayohitaji mashine za zaidi ya nguvu ya farasi 100 kila moja itakula zaidi ya mara mbili ya hapo kwa safari ile ile. Je, italeta samaki mara mbili kila usiku? Kila mwenye nia ya kununua aweke bei ya debe la usipa katika mwalo wake na ajibu mwenyewe.

Tena, usiku wa kazi si 30 kwa mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi hubaki na siku zipatazo 18 hadi 20. Ondoa siku za kusi, ondoa siku za matengenezo. Anayekopa kwa mpango wa kurejesha kiasi kile kile kila mwezi anapaswa kufahamu kwamba ziwa halitambui tarehe za benki, hata kama mkopo hauna riba.

Liko jambo jingine linalosahaulika. Boti hukua kwa pande zote, si kwa urefu pekee. Kutoka mita 8 kwenda mita 10 ni ongezeko la robo tu la urefu, lakini upana na kimo vikiongezeka kwa uwiano huo huo, ujazo wa chombo hukaribia kuwa mara mbili. Faiba, mbao na nguvu ya mashine hufuata mkondo huo. Ndiyo maana bei ya boti hupanda haraka kuliko urefu wake.

Nchi kavu nayo ina neno

Boti hulala wapi? Mialo mingi ya Kyela haina gati. Chombo huvutwa mchangani kwa mikono, na chombo kisichovutika kitaachwa majini kupigwa na mawimbi usiku kucha. Bandari ya Itungi yenyewe imekuwa ikisumbuliwa na mchanga unaoletwa na mto, kiasi kwamba meli zimekuwa zikitegemea Kiwira. Boti ya mita 14 katika mazingira hayo ni sawa na basi lililonunuliwa kabla ya barabara.

Baada ya kuvua, usipa hukaushwa juani. Kikundi chenye vichanja vya kukausha nusu tani hakinufaiki kuleta tani mbili, hasa wakati wa mvua za Kyela ambazo si haba. Samaki anayeozea ufukweni amekwisha kugharimu mafuta, tena amepunguza akiba ya ziwa bila kumlisha mtu.

Halafu kuna mpaka. Tanzania inashikilia kwamba mpaka na Malawi unapita katikati ya ziwa. Malawi inadai unapita ufukweni mwa Tanzania, ikirejea makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mtumbwi wa makasia haukuwa na haja ya kuujua mgogoro huo. Boti inayokwenda kilomita 30 ndani inapaswa kuujua, kuwa na kifaa cha kuonyesha mahali ilipo, na kuwa na usajili na leseni iliyo hai.

Ipi basi?

Kwa mazingira yaliyopo, hesabu inaelekeza kwenye chombo cha wastani. Kwa Mtera, mita 5 hadi 6. Kwa Kyela, mita 8 hadi 10, chenye mashine mbili, sitaha iliyoinuka vya kutosha juu ya maji hata kikiwa kimesheheni, na mzigo wa mwisho ulioandikwa ubavuni kwa rangi ili hata mnunuzi aliyeko Mbeya mjini asidanganywe. Cha mita 12 na zaidi kingojee gati, barafu na soko lenye kukipokea.

Serikali na halmashauri nazo zina wajibu. Zisipime mafanikio kwa idadi ya boti zilizokabidhiwa mbele ya kamera, bali kwa boti zinazofanya kazi miaka mitatu baadaye. Kabla ya kutoa mkopo, kikundi kiulizwe kinavulia wapi, kinalaza chombo wapi, na kina vichanja vingapi. Majibu ya maswali hayo matatu yatataja ukubwa wa boti kwa usahihi kuliko katalogi yoyote ya muuzaji.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika uvuvi huu, pabovu pamekuwa ni kununua kwa macho. Mwenye fedha akikosea vipimo hupoteza fedha, lakini walioko ndani ya boti hiyo usiku wa kusi huenda wakapoteza zaidi ya hapo.