Mizani ya skrepa haina bei ya betri hatari

BIASHARA ya vyuma chakavu katika ukanda wa Rufiji na Kibiti ilipata nafuu kubwa mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Ndundu mahali palipokuwa na kivuko. Mzigo kutoka Kilwa, Lindi na Mtwara hausubiri tena pantoni, na magunia ya wakusanyaji wa vijijini hupata nafasi kwenye magari yanayorudi Dar es Salaam.

Kasoro imo kwenye mizani. Betri ya gari, yenye risasi ndani, ina mnunuzi. Waya wa shaba unaye pia, ingawa vijana huuchoma ili kuondoa plastiki na kuvuta moshi wa sumu bure. Lakini betri ya simu iliyovimba, pawabenki iliyokufa na taa ya sola isiyowaka hazina bei. Kisicho na bei hakina mwenyewe: hutupwa jalalani, huchomwa na takataka, au husukumizwa ndani ya gunia la chuma ili kuongeza uzito.

Moto huanzia hapo. Walaji wengi walizijua betri kupitia zile za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita. Zikiisha nguvu zilianikwa juani, zikarudi kwenye redio siku mbili tatu. Betri ya lithiamu haitaki mzaha huo. Ikipondwa, ikitobolewa, ikipata joto kali, au ncha zake mbili zikiunganishwa na kipande cha chuma, huweza kujichemsha yenyewe hadi ikalipuka moto, na hata ikizimwa huweza kuwaka tena. Gunia la namna hiyo likilazwa chini ya paa la makuti, au kando ya dumu la petroli ndani ya mashua itokayo delta, faida ya skrepa haitafidia hasara.

Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka mkusanyaji wa taka za umeme awe na kibali. Ni sawa, lakini kibali hakimpi mama wa Mbwera sababu ya kusafirisha taa mbovu hadi barabarani. Chupa ya soda hurudi dukani kwa kuwa mlaji ameacha fedha yake pale. Waagizaji wa sola na pawabenki nao watozwe amana, irejeshwe kwa atakayerudisha kifaa kibovu. Wafanyabiashara watalalamika kwamba bei itapanda. Itapanda, siku ya kununua tu. Ugumu wa kweli ni bidhaa za njia za panya, zisizo na mwagizaji wa kudaiwa. Ndiyo maana ni busara kuanza na kampuni zinazokopesha sola kwa malipo ya simu, kwani zina jina na namba ya kila mteja.

Hata hivyo bei bila usimamizi huua. Huko Owino Uhuru, Mombasa, betri za magari zilikuwa na soko, kiwanda kikaziyeyusha jirani na makazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mnunuzi anayemwaga maji ya betri mchangani ili kupunguza mzigo yumo katika biashara ileile.

Kabla amana haijaanza, mkusanyaji anaweza kubandika solotepu kwenye ncha za kila betri ya lithiamu na kuitenga katika debe la mchanga mkavu, mbali na makuti na petroli. Gharama yake haizidi solotepu na debe kuukuu.