Chagua injini ya gemu kwa bando yako, si kwa YouTube

Wiki iliyopita msee mmoja wa Litein aliniandikia saa tisa usiku. Amemaliza form four, ana laptopu ya RAM 4, na alikuwa anapakua Unreal Engine kwa bando ya usiku. Ilikuwa imefika asilimia 23. Swali lake lilikuwa moja: "Bro, nimalizie ama nihamie Unity?"

Nilimjibu asubuhi lakini kwa haraka, kwa hivyo leo namjibu vizuri, na nyinyi wengine mnaoniuliza hii kitu kila wiki msome pia. Jibu langu ni zii. Usimalizie, na usihamie Unity. Na kabla mashabiki wa Unreal hawajanijia na panga za kupogolea chai, wacha nieleze.

Mimi niliingia hii maneno kwa mlango wa YouTube kama kila mtu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, niko nyumbani Kimulot. Asubuhi nachuma chai na mathe, jioni naangalia video. Kuna jamaa alikuwa anatengeneza msitu mzima kwa dakika kumi: jua linapita kati ya matawi, maji yanang'aa, kila jani lina kivuli chake. Nikasema hii ndiyo. Bonasi ya chai ilipoingia Oktoba, mathe alitoa 16,000, tukaenda Kericho mjini tukanunua laptopu ya mtumba. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama hiyo mashine itanirudisha chuo. Nikamwambia itanisaidia, jibu ambalo si ndiyo wala si la, na nadhani alisikia.

Sasa fikiria aibu. Unreal ilinila bando za usiku nne. Stima ilipotea mara mbili katikati, maana huku mvua ya jioni ikianza tu kunyesha, taa zinajua kazi yao. Ilipomaliza, ilifunguka kwa karibu nusu saa, feni ikilia kama mashine ya kusaga mahindi, halafu ikajifunga yenyewe. Baadaye ndiyo nikasoma kitu nilichopaswa kusoma kwanza: wenye Unreal wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 32. Mimi nilikuwa na nne. Nilikuwa nataka kupanda Mlima Kenya na ndala.

Nikahamia Unity. Hiyo angalau ilifunguka. Lakini kila nikibadilisha mstari mmoja wa kodi (ile ya kompyuta, si ya KRA) nilikuwa nangoja mpaka chai inapoa ndiyo nione kama kitu kimebadilika. Ukingoja dakika mbili kila mara, hujifunzi, unachoka tu. Miezi mitano ikaisha na sikuwa na gemu hata moja. Mathe akipita nyuma yangu nilikuwa nafungua dirisha lingine haraka, ati niko bize.

Kwa hivyo ukiniuliza injini gani ni nzuri, mimi nitakuuliza: mashine yako iko na nini, bando yako ni ya saa ngapi, na stima ya kwenu hupotea mara ngapi kwa wiki? Mafundi wa YouTube hawaulizi hayo kwa sababu kwao si maswali. Kwetu ndiyo mtihani wenyewe.

Ninachotumia sasa ni Godot. Ilianzishwa na jamaa wawili wa Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakaiachilia iwe ya kila mtu, kodi yake yote wazi, chini ya leseni ya MIT. Maana yake kwa mtu wa kawaida: hulipi kitu leo, hulipi kitu ukiuza, na hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya ile toleo uliyo nayo. Kuipakua haifiki MB 200. Haihitaji kusakinishwa, unaifungua tu hata ikiwa kwa flashi. Mimi niliitoa kwa saiba, nikaiweka mfukoni, nikarudi nayo nyumbani kwa matatu. Ile usiku ya kwanza nilifanya kisanduku kikaenda kushoto na kulia, na manze nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kitu kimoja hawakuambii. Ukianzisha mradi mpya, Godot 4 inakuuliza aina ya uchoraji. Ile inayokuja mbele, Forward+, inataka kadi ya picha ya kisasa, na laptopu nyingi za mtumba zitagoma ama zitasuasua. Chagua Compatibility. Wasee wengi wanaosema Godot imekataa kwa mashine yao hawajaguswa na shida yoyote isipokuwa hiyo. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python, kwa hivyo kama uligusa Python kidogo shuleni, uko tu sawa. Na kama huna laptopu kabisa, kuna Godot ya Android kwa Play Store. Kwa simu ya kioo kidogo inachosha macho, sitakudanganya, lakini binamu yangu wa form three anaitumia na ameshanipita kwa mambo mengine.

Sitaki kuipaka mafuta sana. Siku ya kutoa gemu yako iwe ya Android, utahitaji faili za kutolea gemu ambazo ni kubwa mara kadhaa kuliko injini yenyewe, pamoja na vifaa vya Google na Java. Hapo jipange, rudi saiba. Video za mafunzo pia ni chache kuliko za Unity, na nyingine ni za Godot 3, ukizifuata kwa 4 utalia.

Halafu kuna wale wa "lakini kazi ziko Unity." Hapo wana pointi. Kama shida yako ni kuajiriwa na studio, angalia matangazo ya hizo studio, ujifunze wanachotaka. Mimi naongea na mtu anayetengeneza gemu usiku kwa sababu anapenda. Huyo mtu asichague injini kwa ajili ya bosi ambaye hajampata.

Na kumbuka ilivyokuwa Septemba 2023. Unity walitangaza kwamba kuanzia Januari 2024, gemu ikishapita kiwango fulani, mwenye gemu atalipa mpaka senti 20 za dola kila mtu mpya akiisakinisha. Enyewe kwa wadogo kama sisi haingetufikia, maana kiwango cha chini kilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa mwaka pamoja na watu 200,000 walioisakinisha. Kilichochoma watu ni kwamba ilihusu hata gemu zilizokuwa zimeshatoka. Watu wakaandamana mtandaoni, mkubwa wao John Riccitiello akaondoka Oktoba, na Septemba 2024 ada yenyewe ikafutwa kabisa. Studio ya Slay the Spire ilikuwa imeshahama: gemu yao ya pili wakaijenga kwa Godot.

Mtoto wa mkulima wa chai haelezwi hiyo hadithi mara mbili. Unapanda, unachuma, unapeleka majani kituoni mwaka mzima, halafu Oktoba ndiyo unaambiwa ilikuwa na thamani gani. Mimi hiyo maisha nimeikuta shambani. Sioni kwa nini niifuate tena kwenye laptopu.

Lakini hapo pia wengi wanakosea upande wa pili. Wanachagua injini kama wanapanda chai, ati ukishaiweka ardhini utaichuma wewe, watoto wako na wajukuu. Chai unaingoja kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuichuma vizuri, ndiyo maana lazima ufikirie sana. Gemu yako ya kwanza ni maharagwe. Unapanda, unakula, unang'oa, unapanda kitu kingine. Balatro, ile gemu ya karata iliyotikisa dunia 2024, ilitengenezwa na mtu mmoja kwa LÖVE, kitu kidogo ambacho hakina hata vitufe vya kubonyeza, unaandika tu kodi ya Lua. Undertale ilitumia GameMaker. Kwa hivyo kama umeshazoea kitu na kinafunguka kwa mashine yako, baki nacho, wachana na mimi.

Kuna jina huwa nalitaja sana: Lual Mayen. Alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, familia ikiwa imetoroka vita Sudan Kusini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia laptopu ya dola 300. Kambini hakukuwa na stima, kwa hivyo alitembea masaa matatu kufika pa kuichaji. Akatoa gemu ya amani inayoitwa Salaam, na 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards. Huwa simtaji ili tuseme hata sisi tutafika Marekani. Huwa nafikiria tu yule mama, na miaka mitatu, na hiyo bei.

Gemu yangu mimi ni ya kituo cha chai. Wewe ni karani, watu wako laini na vikapu, mvua inakuja, lori linangoja. Nilimwita mathe aijaribu. Alicheza akiwa amesimama, glavu za kuchumia bado mfukoni, akapima kilo za watu sita, halafu akaniuliza, "Na mbona karani wako hakati kilo ya gunia? Na ile ya maji?" Nikamwambia sikuwa nimefikiria. Akavuta kiti. Tulikaa mpaka saa nne akinieleza mbinu zote za mizani anazozijua, na anazijua nyingi. Sasa hiyo ndiyo gemu yenyewe: unaweza kuwa karani mkweli na lori likuache, ama unaweza kukata na laini ikakukumbuka kesho. Hiyo jioni haikuhitaji msitu wa vivuli wala GB 32. Ilihitaji tu kitu kinachofunguka kabla mtu aliyesimama hajaenda kupika.

Kwa hivyo msee wa Litein, simamisha hiyo asilimia 23, futa, upate nafasi kwa diski. Toa Godot leo usiku, bado utabaki na bando ya kutosha kuangalia mpira. Ukikwama na kitufe cha kuruka niandikie. Mimi kilinikalia siku tatu, na kosa lilikuwa herufi moja.