Mchezo Uleule, Mmiliki Mwingine

Vijana wa miji midogo kama Laela walioujua mchezo wa Winning Eleven kwenye PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, leo wanaukuta simuni kwa jina la eFootball. Tangu mwaka 2021 Konami inautoa bure. Nami nauliza: bure kwa nani? Diski ya zamani ilikuwa mali. Mwenye kibanda aliinunua mara moja, akaweza kuiazimisha au kuiuza. Mchezo wa simu hudai bando, na siku kampuni itakapozima seva zake, hata wachezaji walionunuliwa humo kwa fedha watatoweka. Tumeacha umiliki, tukapewa ruhusa ya muda. Watunga sera za TEHAMA wamlinde mnunuzi: alichokilipia kibaki chake.