Kompyuta imegoma, mtoto asubiri? (Sehemu ya 4)

Mama mwenzangu, umetoka Kagunga na boti, mtoto mwili unachemka, unafika dirishani unaambiwa "mfumo umegoma, rudi kesho." Kesho kwa nauli ya nani?

Wakati mwingine wala si mfumo. Ni profaili ya mtumishi mmoja imeharibika: akiingia, kompyuta inampa ya muda, skrini tupu kama ya mashine mpya. Taarifa za mtoto wako ziko kwenye seva, hazijaguswa. Mwenzake aingie kwa jina lake, kazi iendelee, fundi atakuja kuitengeneza ile.

Na sisi manesi tuache kuhifadhi orodha za chanjo humo, ukitoka tu zinafutwa! Nilipoteza za asubuhi nzima, nikalia chooni.

Daftari na kalamu vipo. Usiondoke, muulize: "Dada, kompyuta nyingine umejaribu?"