MCHEZA KWAO HUTUNZWA, LAKINI KWA MIZANI GANI?

Wakutanapo wazee wawili wa michezo, iwe Bukoba mjini au kule Muleba, hawakawii kufikia ubishi ule ule. Mmoja atasema kwamba wachezaji wa leo si lolote mbele ya wale wa zamani. Kijana aliye karibu atajibu kwamba hao wa zamani walicheza na wapinzani dhaifu, bila makocha na bila viatu, na kwamba sifa zao zimekuzwa na masimulizi. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuachia, hata hivyo, mizani ya kupimia nani atunzwe na kwa kiasi gani. Jambo hilo wametuachia sisi, na hatuna budi kulifikiria kwa uadilifu, kwa kuwa wanaohusika wanazidi kupungua kila mwaka.

Mkulima wa kahawa wa mkoa huu anaijua kanuni tunayoitafuta. Gunia linapowekwa juu ya mizani, karani hutoa kwanza uzito wa gunia tupu, ndipo aandike uzito wa kahawa. Asipofanya hivyo amedhulumu upande mmoja. Vivyo hivyo kwa mchezaji: zama alizochezea ni gunia, na alichokitenda ndicho kahawa. Anayesifu kila cha kale anapima gunia pamoja na kahawa. Anayekidharau kila cha kale amemwaga kahawa akabaki na gunia.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Nchini Kanada, ambako mpira wa magongo huchezwa juu ya barafu, jumba la heshima la mchezo huo lilianzishwa mwaka 1943, na majina ya kwanza yakaingizwa mwaka 1945. Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la Frank McGee wa Ottawa, ambaye mwezi Januari 1905 alifunga mabao 14 katika mchezo mmoja, timu yake ikishinda kwa 23 dhidi ya 2. Tarakimu hizo ni za kutisha, mpaka mtu aulize zilifungwa dhidi ya nani. Wapinzani walikuwa vijana wa Dawson City, waliosafiri maelfu ya kilomita katikati ya majira ya baridi, baadhi yao wakianza safari kwa miguu na kwa baiskeli, kisha kwa meli na gari moshi, wakaingia uwanjani wangali na uchovu. Hatusemi kwamba McGee hakustahili, maana timu yake ililishika kombe kubwa la nchi ile kwa miaka kadhaa na yeye alikuwa nguzo yake. Tunachosema ni kwamba mabao 14 peke yake si shahidi wa kutosha.

Sisi nasi tunao mchezo wa namna hiyo, ila safari hii tulikuwa upande wa Dawson City. Mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, timu yetu ya Taifa ya mpira wa magongo ilifungwa na India mabao 18 kwa 0. Kabla ya kucheka, tukumbuke ilifikaje huko. Marekani ilikuwa imezitaka nchi za dunia zisusie michezo hiyo, na Rais Carter akamtuma bondia Muhammad Ali hadi Dar es Salaam kutushawishi. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na Tanzania ikaamua kwenda. Nchi nyingi zenye timu bora za magongo zilijitoa, na timu yetu ikawa miongoni mwa zilizoalikwa kuziba nafasi hizo. Vijana wetu walishindwa michezo yote, wakawa wa sita kati ya timu sita. India ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu.

Je, vijana wale wanastahili kuwekwa katika jumba la heshima? Jibu letu ni hapana, na tunalitoa bila dharau. Walikwenda walikotumwa na Taifa lao, wakasimama uwanjani mpaka dakika ya mwisho mbele ya mabingwa. Kwa hilo wanastahili majina yao yaandikwe na kuhifadhiwa. Lakini kumbukumbu na tuzo ni mambo mawili. Kumbukumbu ni haki ya kila aliyelitumikia Taifa. Tuzo ni ya aliyezidi. Tukizichanganya hizi mbili, tutampa kila mtu nishani na hatimaye nishani zitakosa thamani.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona basi John Stephen Akhwari anaheshimiwa, naye alimaliza wa mwisho? Ni kweli kwamba katika mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Lakini Akhwari alikuwa ameanguka na kuumia goti. Alikuwa na kila sababu ya kuacha, na wakimbiaji wengine waliacha siku ile. Yeye akaendelea mpaka mwisho, na dunia nzima ikajifunza kwake maana ya kuwakilisha nchi. Hatunzwi kwa kuwa wa mwisho. Anatunzwa kwa kutenda jambo ambalo wengi wasingelitenda.

Kesi iliyo nzito kuliko zote ni ya Filbert Bayi. Mwezi Februari 1974, mjini Christchurch, askari huyu wa Jeshi la Wananchi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, akaweka rekodi ya dunia ya maili moja. Mwaka 1976 dunia ilimngoja akutane na John Walker wa New Zealand katika Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Walker alishinda medali ya dhahabu. Bayi alikuja kupata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Moscow, mwaka ule ule ambao Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki.

Sasa tazama mizani ya wakubwa. Shirikisho la riadha la dunia lilipoanzisha jumba lake la heshima mwaka 2012, liliweka kanuni kwamba mwanariadha awe na rekodi ya dunia na angalau medali mbili za dhahabu za Olimpiki au za mashindano ya dunia. Rekodi Bayi anazo. Dhahabu ya Olimpiki hakupewa hata nafasi ya kuigombea katika ubora wake, na mashindano ya dunia ya riadha hayakuanza mpaka mwaka 1983. Kwa hiyo basi, kanuni hiyo inahesabu asichokuwa nacho bila kuuliza kwa nini hana. Taifa lilimwomba Bayi aiache dhahabu kwa ajili ya ndugu zetu waliokuwa chini ya ukaburu, naye akaiacha. Deni hilo haliwezi kulipwa na wageni. Ni letu.

Hali kadhalika waliofungua njia wapimwe kwa urefu wa njia waliyoifungua. Sunday Manara alikwenda kucheza mpira wa kulipwa Uholanzi miaka ya 1970, wakati mchezaji wa Kitanzania alikuwa hana wakala wala mfano wa kuufuata. Mwaka 2020 Mbwana Samatta akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kumpima Manara kwa umaarufu wa Samatta ni kumlaumu aliyefyeka pori kwa kuwa hakupita juu ya lami.

Sisi watu wa Kagera tunayo sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1978 ardhi yetu ilivamiwa na majeshi ya Idi Amin. Mwaka 1979, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka vitani, Taifa Stars ilikwenda Ndola, Peter Tino akafunga bao, matokeo yakawa 1 kwa 1 na Zambia, na Tanzania ikapata kwa mara ya kwanza nafasi ya kucheza fainali za Mataifa ya Afrika. Huko Lagos mwaka 1980 tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast. Hatukurudi katika fainali hizo mpaka mwaka 2019. Miaka 39 ya kungoja ndiyo iliyotuonyesha uzito halisi wa kile walichokifanya.

Wengi wetu tulio katika miaka ya arobaini hatukuyaona mambo hayo. Tuliyasikia kwa baba zetu, nao waliyasikia katika Radio Tanzania. Na hao ni wachezaji wa Taifa. Waliocheza katika viwanja vya wilaya zetu, mkoa huu ulipokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, habari zao zimo vichwani mwa wazee tu. Chuoni tulifundishwa kwamba habari haipokelewi mpaka ajulikane aliyeipokea na kwa nani, na kwamba shahidi awe mwadilifu. Kanuni hiyo yatufaa hapa. Vyama vya michezo vya mkoa na wilaya, pamoja na walimu wa shule, wawafuate wazee wangali hai. Waandike jina, timu, mwaka na mashahidi. Jambo likithibitishwa na wawili wasiokuwa na undugu wala ushabiki mmoja, liingie daftarini. Lisipothibitishwa, lingoje.

Daftari hilo likishakamilika, ndipo wachache wachaguliwe na majina yao yaandikwe katika ukuta wa Uwanja wa Kaitaba. Yaulizwe maswali matatu: alifanya nini mbele ya wapinzani bora wa zama zake? Aliacha nini kwa ajili ya Taifa? Aliwafungulia nani mlango? Aliyekuwa tu wa mwanzo, asiwe na jibu hata moja, abaki katika daftari kwa heshima zake.

Neno la mwisho linatuhusu sisi viongozi wa Chama na wa Serikali. Ukuta huo usiwe mahali pa kuandika majina ya wafadhili, wala ya wakuu waliokata utepe, wala yetu sisi tuliokaa jukwaa kuu tukipiga makofi. Kukaa karibu na aliyecheza si kucheza. Mzee aliyevaa jezi ya mkoa huu bila malipo, na ambaye leo anapita mbele ya Kaitaba pasiwe na mtu wa kumtambua, ndiye tunayemdai hesabu iliyo sahihi. Tuifanye angali anaweza kuja kuisoma.