Hema Kandoni mwa Bahari

Katika nyumba nyingi za askari, neno kambi halina ladha ya mapumziko. Ni neno la tarumbeta ya alfajiri, la gwaride, la mzigo mgongoni na la baba aliyepelekwa mbali isijulikane lini atarudi. Kwa hiyo mke wa askari anapoambiwa na mumewe kwamba likizo ya mwaka huu itatumiwa kambini kandoni mwa bahari, si ajabu akajibu, "Baba watoto, mwaka mzima umelala kambini, sasa na sisi tuandikishwe?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la kweli. Kwa jamaa yenye mshahara wa kadiri, hoteli za ufukoni ni ghali, hasa watoto wanapokuwa wanne au watano. Kambi ya umma humpa mgeni mahali pa kusimamisha hema, choo, bafu ya maji baridi na aghalabu kibanda cha kupikia. Mengine yote huja nayo mwenyewe. Kinachopunguzwa katika malipo huongezwa katika matayarisho. Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa maana upungufu wa starehe huvumilika, lakini pwani ina mambo matatu au manne ambayo, yasipojulikana kabla ya safari, yaweza kuondoa uhai wa mtu katika jioni moja.

Mahali na kanuni zake

Mfano mzuri ni Saadani, katika pwani ya Tanzania bara, baina ya Bagamoyo na Pangani. Eneo hilo lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, nalo lasifika kwa kuwa wanyama wakubwa wa nyika hufika mpaka kwenye fukwe za Bahari ya Hindi. Upande wa kusini Mto Wami, wenye viboko na mamba, humwaga maji yake baharini. Na katika ufuko wa Madete kasa hupanda nchi kavu kutaga mayai. Kijiji cha Saadani, kilichokuwa bandari ya biashara tangu zamani, kingali na wavuvi wake mpaka leo.

Shirika la Hifadhi za Taifa la Tanzania lina kambi za namna mbili. Kambi maalumu hukodishwa kwa kundi moja peke yake, wala haina choo wala bafu. Kambi ya umma hutumiwa na wageni mbalimbali kwa pamoja, nayo ina huduma za lazima. Wenye watoto wadogo yafaa wachague hii ya pili, kwani mwanga wa taa ya jirani na sauti ya watu wengine ni faraja kubwa usiku wa kwanza.

Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa muda wa saa 24, na malipo ya kulala hemani huwa mbali na hicho. Jamaa inayofika langoni asubuhi mapema kwa ajili ya siku moja tu, kisha ikaondoka kesho yake mchana, yaweza kujikuta inadaiwa siku ya pili. Bali inayopanga saa za kuingia na kutoka haitoi shilingi isiyo ya lazima. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko wageni wa mbali, mradi waonyeshe hati za uraia wao. Kabla ya kuondoka nyumbani iulizwe pia njia ya kulipa, maana fedha taslimu hazikubaliwi kila mahali.

Askari hahitaji kukumbushwa kwamba hapana safari ya nje ya nchi bila ruhusa ya maandishi ya mkuu wake. Lakini yafaa akumbushwe jambo jingine. Sare, nguo za mabaka na hema la kikosi si mali ya likizo. Vitu hivyo vibaki kambini, kwani mpakani huleta maswali yasiyo na majibu mafupi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo vikapu na mifuko ya kitambaa ndivyo vya kufungashia. Aidha, cheo huishia langoni. Ndani ya hifadhi, neno la askari wa wanyama pori ndilo amri, hata kama mgeni aambiwaye ni afisa mwenye nyota mabegani.

Bahari si ziwa

Watoto wengi wa nchi yetu ya bara wamekulia karibu na Ziwa Victoria, na wazazi wao wamezoea kutandika mkeka Entebbe au Jinja wakijua kwamba maji yatakuwa palepale jioni. Bahari haina tabia hiyo. Katika muda wa saa 24 na dakika kama 50, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kwa hiyo saa za kujaa husogea mbele kila siku. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hiyo hufikia meta tatu na zaidi. Ufuko uliokuwa mpana kama uwanja wa gwaride saa nane mchana huenda usionekane kabisa ifikapo usiku.

Alama ya kutazama ni ule mstari wa mwani mkavu, vijiti na kombe uliotupwa na mawimbi. Hema lisimamishwe juu ya mstari huo, mbali nao kwa hatua nyingi, wala si chini yake kwa sababu ya uzuri wa mchanga. Lisimamishwe chini ya mvinje ikiwezekana, lakini kamwe lisiwe chini ya mnazi, kwa maana nazi moja ikianguka kutoka juu yatosha kuvunja fuvu. Vigingi vifupi vya nchi kavu havishiki mchangani. Dawa yake ni kufunga kamba kwenye mifuko iliyojazwa mchanga na kuifukia kwa kina cha mkono. Kusi inapovuma, hema lisilofungwa hivyo husafiri lenyewe.

Watoto wanapoingia majini, mtu mzima mmoja aachiwe kazi ya kuwatazama tu. Asisome gazeti, asipige samaki magamba, wala asizungumze kwa simu. Mzazi anayetegemea kusikia kelele amejidanganya, kwani mtu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Huzama kimya, mara nyingi meta chache tu kutoka kwa watu wanaocheka. Zamu hiyo ibadilishwe kila nusu saa kwa kutaja jina la anayepokea, kama lindo linavyokabidhiwa, ili isiwe kila mmoja alidhani mwenziwe anaangalia. Mipira ya gari iliyojazwa upepo, ambayo wengi huitumia ziwani, isichukuliwe baharini, kwa kuwa upepo wa kutoka bara huisukuma kilindini kwa haraka kuliko mtu awezavyo kuogelea.

Ikitokea mkondo ukamvuta mtu mbali na pwani, asishindane nao. Aelee, apunge mkono kuita msaada, na kama aweza aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke katika mkondo ndipo arudi. Mahali mto unapoingilia baharini pasiogwe kabisa, kwa sababu ya mkondo na kwa sababu ya mamba.

Ndani ya maji ya kina kifupi taa hujificha mchangani na mwiba wake una sumu. Anayetembea kwa kuburura miguu humshtua akakimbia. Anayeinua nyayo humkanyaga. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto kwa kadiri avumiliavyo bila kuungua, maumivu yapungue, kisha apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Jiko lisiingie hemani

Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi. Mvua ya usiku inaponyesha na upepo wa bahari ukaleta baridi, mtu hushawishika kuliingiza jiko la mkaa ndani ya hema, ama kumalizia kupika, ama kuwapasha watoto joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hema lililofungwa zipu huikusanya hewa hiyo, na waliolala huivuta pasipo kujua. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito; na katika usingizi huo watu hufa. Mkaa uliobakia makaa mekundu yasiyo na moshi ndio unaodanganya zaidi, maana asiyeona moshi hudhani hatari imekwisha. Jiko la gesi nalo halina msamaha.

Kanuni ni moja: joto la hema litoke kwenye blanketi na nguo, wala si kwenye jiko. Kama mtu akikutwa hemani na dalili zilizotajwa, atolewe nje mara moja apate hewa safi, na apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Maji, chakula na samaki

Maji ya kambi za pwani aghalabu huwa na chumvi, nayo yafaa kwa kuoga na kusafishia vyombo tu. Maji ya kunywa na kupikia yaletwe. Kwa jamaa ya watu sita kwa siku tatu, wakihesabiwa lita nne kila mtu kwa siku, hitaji ni lita 72. Yaani madumu manne ya lita 20 yanatosha na kubakiza kidogo. Mtoto mwenye kiu asiachwe kuonja maji ya bahari akidhani ni kama ya ziwa, kwani humzidishia kiu na kumwendesha tumbo.

Chakula kizuri ni kile kisichoharibika upesi: unga, mchele, ndizi mbichi, karanga zilizopondwa, vitunguu, na maharage yaliyochemshwa nyumbani na kumaliziwa kambini siku ya kwanza. Vyote vihifadhiwe katika masanduku yenye vifuniko ndani ya gari au kibandani, wala si hemani, kwa kuwa nyani na tumbili hawabishi hodi, na harufu ya matunda yaweza kumwita hata tembo. Kuni zisiokotwe hifadhini bila kuuliza.

Samaki wa wavuvi ni neema, lakini mpishi aliyezoea sato na sangara awe na hadhari. Yuko samaki aitwaye bunju, ambaye akishtuliwa hujaza tumbo kama mpira. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa, nayo huua. Samaki asiyejulikana jina asinunuliwe kwa sababu ya bei yake ndogo, na samaki aliyeokotwa ufukoni asiliwe hata akionekana mzima. Mvuvi mwenyewe ndiye mwalimu wa kuulizwa.

Usiku hapana kwenda chooni peke yako. Watoto wapelekwe wote kabla ya kulala, kwa taa, wakiongozwa na mtu mzima; na ndoo yenye kifuniko iwekwe hemani kwa ajili ya saa za kati. Chandarua kisisahauliwe, kwani mbu wa pwani hana likizo.

Zamu za nyumbani

Imebaki hoja ya mama wa nyumba, nayo ndiyo hupuuzwa. Mara nyingi safari ya namna hii huwa mapumziko ya baba na watoto, na kwa mama huwa jiko lilelile lililohamishiwa mahali pasipo na bomba. Kama ni hivyo, afadhali abaki nyumbani. Askari, awe mwanamume au mwanamke, amefunzwa kupika chakula cha watu wengi kwa vyombo vichache, kuchimba, kufua na kupanga lindo. Hapana sababu ya ufundi huo kuishia kikosini. Orodha ya zamu iandikwe kabla ya safari na kila mtu aione: nani anachota maji, nani anaosha vyombo, nani anatazama watoto majini, na saa zipi za mama zisizo na kazi yoyote. Mtoto aliyezoea kumwona baba akitoka alfajiri na kurudi amechoka atamwona akisonga ugali, naye atajifunza jambo ambalo shuleni halifundishwi.

Siku ya kuondoka, takataka zote zirudi na wenyewe, na mahali pa hema pakaguliwe kwa mstari, kila mmoja akiangalia sehemu yake. Makaa ya jiko yasifukiwe mchangani kamwe. Mchanga hulinda joto kwa saa nyingi, na mtoto wa jamaa itakayofika jioni atakimbia pekupeku juu yake asione kitu. Yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena, na mtu mzima asogeze kiganja karibu ahakikishe kwamba yamepoa, ndipo gari liwashwe.